Vyungu Hamsini na Sita

Chungu cha mfano kilikuwa cheupe, na kiunoni kilizungushiwa mstari wa kijani, upana wa vidole vitatu. Bwana Sulthoni, mjumbe wa Uchochoro wa Saba, alikiweka juu ya meza barazani kwake baada ya sala ya Alasiri, akakigeuza polepole ili kila aliyeketi mkekani akione pande zote, kama muuza saa anavyoigeuza saa mbele ya mnunuzi asiye na haraka.

"Ndugu zangu," alisema, "wenzetu wa Uchochoro wa Tano mwaka jana walipata bendera ya ushindi kwa sababu moja tu. Mgeni akiingia kwao haoni nyumba ishirini, anaona nyumba moja. Akiingia kwetu anaona nini?"

"Anaona paka," alijibu Bi Yayuk, na watu wakacheka.

"Anaona fujo. Sitaji jina la mtu. Kuna mwenye pilipili zilizopangwa kama gwaride..."

"Hizo zangu," alisema Bwana Harnowo, mwanajeshi mstaafu, bila haya yoyote.

"Kuna mwenye miiba mlangoni."

"Niachieni miiba yangu, Bwana Mjumbe," alidakia Bi Yayuk. "Mjane asiye na miiba hapumziki."

"Kuna maua ya plastiki yanayooshwa kwa sabuni kila Ijumaa. Kuna vitunguu ndani ya chupa za shampuu. Na kuna nyumba namba kumi na moja. Hiyo, wallahi, siku moja nilisimama nje nikadhani ni duka la vyuma chakavu. Mchicha umeota ndani ya helmeti!"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Kasmiran, fundi wa kupunguza suruali, ambaye nyumba namba kumi na moja ilikuwa yake, alicheka pamoja nao, na akacheka kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine, ili isionekane kwamba ameumia.

Mjumbe akaeleza utaratibu. Kila nyumba itatoa rupia elfu arobaini. Jumapili itakuwa siku ya msaragambo: mimea yote ya zamani itaondolewa, udongo wote utamwagwa rundo moja katikati ya njia, uchanganywe na samadi na pumba za mpunga zilizochomwa, kisha ugawanywe katika vyungu hamsini na sita vya namna moja. Kila chungu kitapandwa mmea mmoja, ule wa majani ya upanga uitwao ulimi wa mkwe, ambao haufi kwa jua wala kwa kusahauliwa. Alhamisi waamuzi wa mashindano ya vichochoro watapita.

"Kuna mwenye neno?"

Kasmiran alikuwa na neno. Alikohoa, akajisogeza mbele. Wakati huohuo mke wa mjumbe akatokea na sinia la chai, na bilauri ya kwanza akamkabidhi yeye kwa mikono miwili. Ilimbidi aipokee kwa mikono miwili, ainamishe kichwa, ashukuru. Alipokiinua, mjumbe alikuwa amekwisha kusema, "Basi tumekubaliana."

*

Tarmini, mkewe, alikuwa akitwanga karanga za mchuzi wa kesho. Aliuza mboga za kuchemsha katika mtaa wa ng'ambo ya reli, sahani rupia elfu nane, na miaka kumi na tisa ya kubeba beseni ilikuwa imemwinamisha bega moja.

"Umesema?"

"Nitasema."

"Sijakuuliza utafanya nini, Baba Jatmiko. Nimekuuliza kama umesema."

"Watu walikuwa wengi. Ningeanzia wapi? Mbele ya vijana wa msikitini, niseme kwamba chunguni mwangu kuna kitu gani?"

"Useme kuna mwanao."

Kasmiran akageuza uso. Nje, kati ya ndoo za rangi zilizoota majani ya pandani, masufuria mabovu yaliyoota giligilani, na helmeti iliyochekwa barazani, kilisimama chungu kikubwa cha sementi chenye mkemuning mfupi, mti wa majani madogo ya kung'aa na maua meupe yanayonukia kila jua linapozama. Chini ya mizizi yake kulikuwa na kijungu cha udongo chenye kifuniko, na ndani ya kijungu kondo la nyuma la mtoto wao pekee. Kasmiran mwenyewe alilisafisha miaka ishirini na sita iliyopita, akaliviringa katika kitambaa cheupe pamoja na chumvi, maua, sindano na karatasi yenye herufi, kama alivyofanya baba yake na baba wa baba yake. Wao walizika ardhini, kando ya mlango. Yeye hakuwa na ardhi. Uchochoro wote ulikuwa sementi toka ukuta hadi ukuta, basi akazika chunguni.

Jatmiko alifia juu ya meli ya uvuvi ya wageni, katika bahari ya kusini kabisa, akiwa amevimba miguu. Wenzake walimsalia, wakamtelemsha majini. Kilichorudi Surabaya kilikuwa mkoba wenye mashati mawili na cheti cha lugha ambayo wazazi wake hawakuweza kuisoma. Mama yake hakuwa na kaburi la kuzuru wala kaburi la kunyunyizia maji. Kwa hiyo kila Alhamisi kabla ya Magharibi aliwasha kibatari, akakiweka kando ya chungu, akasoma Yasini. Majirani walipouliza, alisema anafukuza mbu.

Kijana mmoja aliyekuwa akitoa mawaidha msikitini aliwahi kukemea mila za kuwasha taa kwenye makondo, akasema ni masalia ya ujinga. Kasmiran alikuwa safu ya pili siku hiyo, akayainamia magoti yake. Laiti angemuuliza mwanachuoni aliyebobea, angeambiwa kwamba kilichotengana na mwili wa mwanadamu husitiriwa ardhini kwa heshima, na kwamba mama anayemsomea mwanawe hana la kuonea haya. Lakini hakumuuliza mtu.

"Nitakiingiza ndani," alisema. "Jumapili, nikitoka Alfajiri. Kabla hawajaanza."

"Kwa nini si leo?"

"Kile ni cha kubebwa na watu wawili, na mlango ni mwembamba. Nikimwita Harnowo ataniuliza."

"Na Jumapili utabeba na nani?"

"Nitachimba tu, nitoe kijungu. Sihitaji mtu."

Tarmini akaendelea kutwanga. "Mimi Jumapili nitakuwa sokoni toka saa tisa ya usiku, unajua. Siwezi kukusimamia."

"Mimi si mtoto, Mama Jatmiko."

*

Siku ya Jumapili Kasmiran alisali Alfajiri, akaleta nyiradi zake kwa haraka isiyo kawaida yake, akatoka akitafuta makubadhi. Mkono wa mjumbe ukamshika kiwiko.

"Bwana Kasmiran! Mungu amenileta kwako. Kitambaa cha bendera za uchochoro. Nikimtuma mtu mwingine atanunua pungufu. Wewe ni fundi, macho yako ni futi. Gari la Harnowo liko tayari na dereva, liko hapa hapa."

"Bwana Mjumbe, mimi nina kijikazi kidogo nyumbani..."

"Kijikazi gani? Nyumba yako tutakufanyia. Watu arobaini, tutashindwa na nini?"

Wazee wawili walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, wakitabasamu. Mbele yao, kumkatalia mjumbe jambo la jamaa nzima, alfajiri, kizingitini mwa msikiti! Kasmiran alijiambia kwamba ni saa moja tu: msaragambo haujawahi kuanza kwa wakati tangu uchochoro ule ujengwe. Akapanda gari.

Duka la vitambaa lilifunguliwa saa mbili na nusu. Alirudi saa nne, na marobota mawili mapajani.

Msaragambo ulikuwa umeanza kwa wakati.

Katikati ya njia palikuwa na kilima cha udongo kinachofika kiunoni, cheusi, laini, kilichochanganywa vizuri mno. Watu walikuwa wakichota kwa makopo na kujaza vyungu vyeupe huku redio ikiimba. Mbele ya namba kumi na moja palikuwa peupe. Ndoo, masufuria, helmeti, vyote havikuwapo. Chungu cha sementi kilikuwa kimepasuliwa kwa nyundo, na mahali kiliposimama miaka yote hiyo palibaki duara jeupe juu ya sementi.

"Tumekumalizia, Bwana Kasmiran!" Harnowo alimpigia kelele, jasho likimtiririka. "Lile jabali lako limetuvunja mgongo, lakini tumekumalizia. Usijali!"

"Mti," alisema Kasmiran. "Mti uko wapi?"

"Umekwenda na mkokoteni wa taka. Mizizi yake ilikuwa imekaza kama ngumi."

Bi Yayuk alikuwa ameketi juu ya kigoda, mapajani ana gunia, akivunja vigae vya paa kwa nyundo ndogo. Vipande vile huwekwa chini kabisa ya chungu, maji yapate kupita, mizizi isioze. Alimwonyesha Kasmiran kidole gumba kilichofungwa kitambaa.

"Tazama kazi ya nyumba yako, Bwana Fundi. Chini ya mti ule kulikuwa na kijungu kimefunikwa. Nikasema leo nimetajirika! Kumbe ndani udongo tu, na sindano yenye kutu. Ikanichoma mpaka mfupani. Sasa fundi gani anaficha sindano mbali hivyo?"

Watu wakacheka. Kasmiran, Mungu amsamehe, alitabasamu.

"Kijungu kiko wapi?"

"Nimekivunja pamoja na hivi. Udongo wake umeiva, vipande vizuri kuliko vigae." Akaupungia mkono uchochoro mzima, vyungu vilivyopangwa pande mbili toka mwanzo hadi mwisho. "Vimo humo."

*

Tarmini alirudi saa tano, beseni tupu kiunoni. Alisimama mbele ya duara jeupe kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Fatiha tatu. Majirani walimsalimu, akaitika salamu za kila mmoja. Aliingia ndani, akamkuta mumewe ameketi nyuma ya cherehani bila nguo mkononi.

"Kimevunjwa," alisema Kasmiran. "Udongo umechanganywa. Vipande vimetiwa vyunguni, chini. Mama Jatmiko, nilishikwa msikitini, nikatumwa..."

"Ulitumwa."

"Mbele ya watu."

"Mwanangu alipokwenda kutia sahihi karatasi za meli ile, nilikwambia mkatalie. Ukasema wakala ameshakuja na matunda, ameshakunywa chai, utamkataliaje mgeni." Alimimina maji katika kinu na kuanza kukisugua. Mikono yake ilifanya kazi kama kawaida. "Vyungu vingapi?"

"Hamsini na sita."

Adhuhuri ilipokwisha na watu wakalala kwa uchovu, Tarmini alitoka na kopo. Akamwagilia chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, pande zote mbili, mpaka mwisho wa uchochoro. Akarudi kujaza kopo, akaendelea. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini. Mjumbe alimwona kutoka dirishani, akamwambia mkewe, "Unaona? Yule aliyekuwa na duka la vyuma chakavu! Watu hubadilika wakipewa mfano mwema."

*

Kesho yake, saa saba mchana, Kasmiran alipiga magoti mbele ya chungu cha nne upande wa kulia, akang'oa mmea, akaanza kuchota udongo kwa mikono. Vitatu vya kwanza alikuwa amekwisha kuvirudishia, lakini mimea ilisimama upande kama walevi.

"Haya! Haya!" Ilikuwa sauti ya Bi Yayuk. "Siku tatu kabla ya waamuzi, unafukua nini? Bwana Mjumbe! Njoo umwone fundi wako!"

Milango ikafunguliwa. Mjumbe alifika na kanzu ya ndani, uso umejaa usingizi na ghadhabu.

"Bwana Kasmiran, kama hukutaka, ungesema siku ile. Si nyuma ya migongo yetu. Hii ni hujuma."

Kasmiran aliinuka, matope mpaka viwikoni. Akasema. Alisema bila mpangilio, akianzia sindano, akarudi kwenye kitambaa cheupe, akaishia baharini. Mwisho alitaja jina la Jatmiko. Bi Yayuk alikifungua kitambaa cha kidole chake, akakifunga tena.

Bibi Parinten, mwenye vitunguu vya chupa za shampuu, alikuwa wa kwanza kufungua kinywa. "Mwanangu, kwa nini hukusema? Mimi wanangu wanne makondo yao yako chini ya sementi hii unayoikanyaga. Ningelala juu ya chungu chako, waje wanipasue mimi kwanza."

"Hakuniuliza mtu, Bibi."

"Nimeuliza!" alisema mjumbe. "Nilisema, kuna mwenye neno?"

"Uliuliza, Bwana Mjumbe," alisema Kasmiran, na akainamisha kichwa. "Ni kweli. Uliuliza."

Bwana Sulthoni hakuwa mtu mbaya. Alijifuta uso kwa upindo wa kanzu mara mbili. "Nisikilizeni. Alhamisi waamuzi wanapita. Ijumaa baada ya sala tunamwaga vyungu vyote, kimoja kimoja, na tutakusanya kila kipande. Mimi mwenyewe nitachekecha udongo. Hilo ni neno langu mbele yenu nyote. Siku tatu tu, Bwana Kasmiran. Utatupa siku tatu?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Tarmini alikuwa ameshika fremu ya mlango, na yeye pia alikuwa akimtazama.

"Nitawapa," alisema Kasmiran.

Tarmini akarudi ndani.

*

Waamuzi walipita Alhamisi asubuhi. Walikuwa watatu, wamevaa fulana za namna moja, na waliutembea uchochoro kwa dakika kumi na mbili. Walisema hawajaona popote utulivu wa macho kama ule. Mmoja alimwona Tarmini akimwagilia, akampiga picha, akasema mama kama huyu ndiye roho ya mashindano. Kisha wakaketi barazani kwa mjumbe, wakala keki za mchele, na mkubwa wao akasema jambo la heshima kubwa: kwa kuwa vyungu vilikuwa vimelingana hivyo, thelathini vingechukuliwa kupamba barabara ya uwanjani kwa sherehe za bendera. Gari lingefika saa tisa alasiri.

Lilifika saa nane.

"Sikuweza," alisema Bwana Sulthoni. Alikuwa amekuja mwenyewe namba kumi na moja, amesimama nje ya kizingiti, hakuthubutu kuingia. "Bwana Kasmiran, walikuwa wageni, wanakula, wanatusifu. Picha zimepigwa. Ningewakatalia vipi mbele ya watu?"

Kasmiran alitafuta neno la kumlaumu, akalitafuta kwa dhati kabisa, na hakulipata. Hilo la kushindwa kukataa mbele ya watu alilijua vizuri kuliko mtu yeyote wa uchochoro ule.

"Vitarudi?" aliuliza.

"Wamesema vitarudi."

Wapakiaji walikuwa wawili tu, na vyungu vilikuwa vizito. Bwana Harnowo alivua fulana akasaidia. Baada ya kitambo kidogo Kasmiran naye akatoka, kwa kuwa ilikuwa vigumu kukaa ndani wenzake wakibeba. Alibeba vyungu saba. Kila kimoja alikikumbatia kifuani, akakipandisha garini taratibu, akakitia kabari kwa gunia kisivunjike njiani.

*

Ijumaa walimwaga vile ishirini na sita vilivyobaki, kama ilivyoahidiwa. Bwana Sulthoni alichekecha udongo kwa mikono yake mpaka kucha zikatoka damu, na Bi Yayuk akaviosha vigae kimoja kimoja katika beseni la Tarmini. Vilijaa sinia mbili. Vyote vilikuwa vyekundu, vyote vilikuwa vya udongo uliochomwa, na hapakuwa na mtu awezaye kusema hiki ni cha paa na hiki ni cha kijungu. Bi Yayuk alisema labda vyembamba. Harnowo alisema labda vilivyopinda.

Kasmiran aliviingiza ndani. Siku tano aliacha suruali za watu zikirundikana, akawa anaviunganisha juu ya meza ya cherehani, kipande kwa kipande, akivigeuza ncha kwa ncha kama anavyolinganisha mishono. Vilipokubali kukutana, vilifanya vigae vya paa.

Tarmini, akimaliza kuuza, alitembea mpaka barabara ya uwanjani na kopo lake. Jua la mwezi wa nane lilikuwa limekausha nyasi zote, na vyungu vya Uchochoro wa Saba vilikuwa vimechanganyika na vya vichochoro vingine kumi, vyote vyeupe, vyote vyenye mstari wa kijani, maana kila mjumbe mjini alikuwa ameiga kwa mshindi wa mwaka jana.

"Mama, hivyo vina watu wake," alisema mlinzi wa zamu, mtu mnene mwenye filimbi shingoni. "Gari la maji linapita."

"Linapita lini?"

"Litapita."

"Basi niache nimwagilie mpaka lipite."

"Mama, nitaulizwa mimi. Kama unapenda maua, panda kwako."

Siku ya nane baada ya sherehe alikuta barabara ni tupu. Mfagiaji alimwambia vyungu vimegawanywa kwenye maofisi na shule, vilivyopasuka vimemwagwa kwenye shimo la barabara kule darajani, na ni vipi vimekwenda wapi hakuna anayejua, kwani nani ataandika vyungu?

Ilikuwa Alhamisi. Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama, akaoga, akavaa mtandio mweupe, akawasha kibatari. Akatoka nacho mpaka kizingitini, akasimama. Vyungu ishirini na sita vilikuwa vimerudishwa mahali pake na kupandwa upya, upande huu na upande huu, na Bi Yayuk, aliyekuwa akivimwagilia siku hizi bila kuombwa, aliiona ile taa akaingia kwake, akafunga mlango.

Kasmiran aliinuka kutoka kwenye cherehani. "Weka hapa, Mama Jatmiko," alisema, akainama, akapangusa vumbi kwa kiganja chake juu ya lile duara jeupe. "Hapa hapa pake."

Tarmini alilitazama lile duara, mkono ukiukinga moto na upepo.

"Hapo hayupo," alisema.

Akauzima. Kisha akaketi kizingitini, akafungua kibatari, akayarudisha mafuta chupani polepole, bila kumwaga hata tone.